Baba mkwe, bata mzinga na kidoti chekundu

Msomaji wangu, ukimtajia mtu wa Dar bata mzinga, anamfikiria yule ndege wa uani, mwenye maringo kama bwana harusi, anayefukuza watoto wa jirani huku akisubiri Krismasi imkute. Huku Ohio, Marekani, ninakoishi na mama watoto wangu, bata mzinga ni kiumbe kingine kabisa. Anaishi porini, analala juu ya mti, anakimbia kukushinda, anaruka, na macho yake... usipime! Ukikuna pua tu akiwa mbali huko, keshakuona na keshaondoka.

Na watu wa huku wanampenda ile mbaya. Kila mwaka inapofika mwisho wa Aprili, wakati majani yanachipua, wazee kwa vijana wanaamka saa 9 usiku, wanavaa magwanda yenye rangi za majani na magome, wanafunika uso kwa kitambaa cha wavu, wanakwenda kukaa chini ya mti kwenye baridi. Ukiwauliza mbona wanajitesa, wanakuona mshamba.

Wana sababu. Mpaka kufikia mwaka 1904 ndege huyu alikuwa amekwisha kabisa Ohio. Misitu ilikatwa, watu wakawinda bila mpaka, basi, kwisha habari. Katika miaka ya 1950 wakaanza kumrudisha, na msimu wa kwanza wa kumwinda tena ulifunguliwa mwaka 1966 katika kaunti 9 tu. Jimbo zima likapata ndege 12! Siku hizi wako maelfu, lakini bado wanabanwa: tangu mwaka 2022 kila mwindaji ana ruhusa ya ndege mmoja tu mwenye ndevu katika msimu huo wa machipuko. Naam, ndevu. Dume ana manyoya magumu yananing'inia kifuani kama brashi ya viatu.

Ndege mmoja kwa msimu. Ukikosea, unangoja mwakani. Ukimjeruhi akakimbia, analala na kidonda chake kichakani na wewe unalala nacho kichwani. Shika hilo, maana ndilo lililoleta kile kidude kilichotaka kuvunja amani ya ukoo wa mke wangu.

Kidude chenyewe ni kioo kidogo, hakizidi kiberiti kwa ukubwa, kinafungwa juu ya shotigani. Ukichungulia ndani yake unaona kidoti kimoja chekundu kinaelea mbele yako. Pale kilipo kidoti, ndipo marisau yanapokwenda. Basi.

Najua wajanja wa sinema mnasema, aah, hicho tunakijua, si ndicho alichokuwa nacho Arnold Schwarzenegger kwenye The Terminator ya mwaka 1984? Hapana bwana. Ile ni leza, inatupa mwanga mpaka kwenye kifua cha jamaa anayekwenda kufa. Hiki cha kwetu hakitupi kitu nje. Kuna taa ndogo ndani inamulika kioo, na kioo kinarudisha ule wekundu kwenye jicho la mwenye bunduki. Ndege haoni chochote. Wala si uchawi wa juzi: Howard Grubb wa Dublin alisajili wazo la namna hiyo mwaka 1900, ndege za vita zikalitumia sana katika Vita vya Pili, na mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa kioo cha umeme kwa ajili ya bunduki. Kilichobadilika ni bei. Leo vipo vya chini ya dola 100 na vipo vya zaidi ya dola 500, kazi kwako na mfuko wako.

Sasa nimlete baba mkwe. Ana miaka 71, alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, maneno yake ni ya kuhesabu. Kwetu, mnajua wenyewe, mkwe hukai naye bega kwa bega. Unamwamkia, unakaa pembeni, unajibu ukiulizwa. Huyu yeye mwaka wa kwanza tu wa ndoa alinichukua porini, tukakaa chini ya mti mmoja saa nne nzima, bega langu limegusa lake, bila kusema neno. Nilitoka jasho kwenye baridi! Nilipompigia simu baba yangu kumweleza, alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama mzee yule ananichukia.

Siku hizi nimezoea. Nilihudhuria darasa la usalama wa uwindaji, ambalo huku ni lazima kabla ya leseni ya kwanza, na leseni ninayo. Ila bunduki sibebi. Kazi yangu ni kubeba thermos ya kahawa na kunyamaza.

Machipuko ya juzi mzee alimpiga dume mmoja, akaanguka, akainuka, akakimbilia bondeni. Tulimtafuta mpaka jioni. Siku ya pili tukarudi. Hatukumwona. Mzee akafika nyumbani, akafuta bunduki mafuta, akaitundika kabatini, akamwambia mkewe, "Mimi basi. Ushanga umepotea."

Niwaeleze ushanga. Shotigani ya kawaida haina lengeo la maana. Mwishoni mwa mtutu kuna kidude cha duara kama ushanga wa shaba, kwisha. Ni bunduki iliyotengenezwa kwa ndege anayeruka: unamfuata kwa mkono na jicho, unafyatua, marisau yanatawanyika, yanamkuta. Bata mzinga haupigi hivyo. Anakuja kwa miguu, anasimama, na wewe unalenga kichwa na shingo peke yake, maana kifuani manyoya ni kama godoro. Kwa hiyo mdomoni mwa mtutu wanafunga kibano, kipande cha chuma kinachobana marisau yasitawanyike mapema. Sasa hapo ndipo mambo yanapogeuka. Watu wengi wanadhani ndege akiwa karibu ndiyo rahisi. Wapi! Kwa kibano kile, kwenye yadi 15 marisau yote yanapita mahali padogo kama ngumi. Ukiinua shavu kidogo tu kutoka kwenye kitako cha bunduki ili umwone ndege vizuri, na kila mtu anainua maana moyo unapiga ngoma, basi yote yanapita juu ya kichwa. Ndege anakuangalia, wewe unamwangalia.

Halafu kuna umri. Jicho la mzee wa miaka 71 haliwezi kuona sawasawa kitu cha karibu na kitu cha mbali kwa wakati mmoja. Akimwangalia ndege, ushanga unakuwa ukungu. Akiangalia ushanga, ndege anakuwa ukungu. Kidoti kinatatua hilo kwa namna ya ajabu kidogo: mwanga wake umepangwa uonekane kama unatoka mbali sana, kule kule aliko ndege. Jicho linaangalia kitu kimoja tu. Na hata kichwa kikihama kidogo pembeni, kidoti hakihami sana pale kilipoelekezwa. Macho yote mawili unayaacha wazi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akamnunulia baba yake kile kioo Krismasi. Alidhani anamfurahisha. Toba! Mzee alikifungua, akakitazama, akakirudisha kwenye boksi. Akasema bunduki yake siyo televisheni. Lakini aliyewasha moto hasa ni mama mkwe. Alikuwa anakata pai, akaweka kisu chini akasema, "Kama macho hayaoni shanga iliyo mkononi mwake, yatamwonaje mtu aliyeko kichakani?"

Meza nzima kimya.

Na swali lake halikuwa la utani. Bata mzinga dume wakati wa machipuko kichwa chake ni chekundu, cheupe na bluu. Ndiyo maana darasani tulifundishwa tusivae rangi hizo porini hata soksi. Wawindaji wote wamevaa majani, wote wamejificha, wote wanatoa sauti ya bata jike ili dume aje. Tafakari mwenyewe: msitu umejaa watu wasioonekana wanaojifanya ndege, na kila mmoja ana bunduki. Watu wanapigwa risasi kweli, na mara nyingi anayefyatua anaapa kwamba aliona bata. Kidoti kitakuambia marisau yatakwenda wapi. Hakikuambii pale mbele pana nini.

Mimi kama mkwe sikupaswa kufungua mdomo, lakini nilishauri jambo moja tu: twende kwa daktari wa macho kabla ya kugombana. Wote walikubali, nadhani kwa sababu hakuna aliyetaka kushindwa mezani. Daktari akampima mzee juu chini. Kwa miwani yake ya mbali anaona vizuri. Tatizo ni la karibu, macho ya uzee yale yale yanayotufanya tushike gazeti kwa mikono iliyonyooka. Mtoto wa jicho ameanza kidogo kwenye jicho la kushoto, na mzee analenga kwa la kulia. Kwa maneno mengine, ndege anamwona, mtu anamwona, kasoro ni ule ushanga. Daktari akaandika kikaratasi na kusema arudi kila mwaka.

Mama mkwe alikisoma mara mbili. Akasema sawa, kwa mwaka huu.

Hapo likaibuka jambo la kuchekesha. Shemeji alipochungulia kioo alichokinunua mwenyewe, akakuta kidoti si duara, kina mikia kama nyota iliyopigwa kofi. Akaanza kulalamika ameuziwa kimeo, anataka hela yake. Binti yake akachukua simu, akapiga picha kupitia kioo, kidoti kikatoka duara safi kabisa! Kumbe mbovu ni jicho lake. Wapo watu ambao kioo cha mbele cha jicho hakiko duara sawasawa, na vidoti hivi huwaonea. Mzee hakusema kitu, ila alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Machi tukaenda shambani kujaribu. Wengi wanadhani unakifunga, unatoka kuwinda. Hapana, lazima bunduki ilenge karatasi kwanza. Tukaweka karatasi kubwa yadi 20, mzee akakaa mezani, akapiga kwanza kwa ushanga wake wa zamani huku bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Shotigani ya geji 12 yenye risasi za bata mzinga inapiga teke la punda, mliopigwa na punda mtanielewa. Tukaenda kuangalia. Kundi la matundu lilikuwa juu na kulia kwa upana wa kiganja kizima.

Mzee alisimama pale muda mrefu. Bunduki ile aliinunua kabla mke wangu hajazaliwa. Miaka yote ile akikosa alijua ni yeye, ni mkono, ni uzee. Kumbe na bunduki yenyewe ilikuwa inatazama kwingine! Ushanga hauna skrubu ya kuurekebisha, umekaa pale na ndiyo basi. Kioo cha kidoti kina skrubu mbili ndogo, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Risasi tatu, tukawa katikati. Halafu tukasogeza karatasi yadi 40, tukachora duara la upana wa inchi 10. Wawindaji wa huku wana kipimo chao, kwamba marisau yasiyopungua 100 yaingie humo ndipo uamini bunduki yako. Tulihesabu matundu kwa kalamu, mimi na mzee, vichwa vimegusana. Yalikuwa 130 na ushei.

Mambo madogo madogo niliyojifunza siku ile, kwa anayependa. Skrubu za kufungia hutiwa gundi maalumu, vinginevyo teke la bunduki linazilegeza. Mwanga wa kidoti hupunguzwa alfajiri, maana ukiuacha mkali unameremeta mpaka unamfunika ndege. Kidoti cha kawaida cha kazi hii kinafunika kama inchi 3 kwenye yadi 100, yaani zaidi kidogo ya inchi moja kwenye yadi 40, ukubwa unaofaa kabisa kwa shingo. Na kioo kikifungwa chini vya kutosha, ushanga bado unaonekana kupitia humo, kwa hiyo betri ikifa hujafa na wewe.

Lakini kuna tabia moja siipendi, na nitaisema hata kama shemeji atasusa. Siku hizi zipo risasi za tungsteni, madini mazito kuliko risasi yenyewe, nyingine zinauzwa zaidi ya dola 10 kwa kila moja. Changanya hizo na kidoti, kijana anajiona mpiga shabaha wa jeshi, anampiga ndege yadi 60 na zaidi. Kwenye umbali huo marisau yameshatawanyika, na hapo ndipo majeruhi wanapotokea. Kidoti kinaonekana kimetulia shingoni iwe yadi 30 au 70, hakikemei. Ushanga angalau ulikuwa na adabu: ndege akiwa mbali, ushanga wenyewe ulimfunika kichwa, ukajua hapo sipo. Mzee alikata vijiti viwili, akavipima kwa hatua, akaapa kwamba ndege asiyevuka kijiti cha yadi 35 ataendelea na safari yake.

Msimu ukafunguliwa. Huku sheria inakuruhusu nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa wakati ule ni kama saa 12 asubuhi. Siku ya kwanza dume alilia mapema upande wa bonde, ile gulugulu inayokutoa roho. Mzee akajibu kwa sauti ya jike, na baada ya muda jike mwingine akaitikia huko chini, karibu zaidi, mara tatu tatu, mara tatu tatu. Mzee akatega sikio. Bunduki ilikuwa magotini, kidoti kimewashwa. Hakuinyanyua. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti kubwa kama yuko sokoni, "Kuna mtu hapa!"

Kimya. Halafu sauti ya kijana ikajibu, "Samahani, mzee!" Tukasikia matawi yakivunjika akiondoka. Hatukumwona hata kofia. Dume naye bila shaka alihamia kaunti nyingine. Nilimuuliza mzee alijuaje. Akasema bata jike halisi hana mpangilio namna ile, huyu alikuwa anahesabu. Asubuhi yote ikaishia hapo, na alikunywa kahawa kwa raha kama aliyeshinda.

Siku ya pili baridi kufa mtu. Saa 1 na nusu hivi, dume akatokea, amevimba, mkia umefunguka kama feni, mabawa yanaburuza chini. Nyuma yake majike wawili. Akavuka kijiti. Mimi nilikuwa nasikia moyo wangu masikioni. Mzee alikuwa amelaza shavu kwenye kitako, macho yote wazi.

"Bado," akanong'ona.

Mkia ulikuwa mzuri wa kupiga picha, lakini dume akivimba shingo inajikunja ndani. Na jike mmoja alikuwa amesimama sawasawa nyuma ya kichwa chake, na wasio na ndevu hawaruhusiwi. Dakika ya kwanza. Dakika ya pili. Baadaye aliniambia kidoti kilikuwa shingoni muda wote, hakikutikisika, na kwamba hilo ndilo lilimtia hofu: kilikuwa kinamwambia piga, piga. Jike akasogea kudonoa kitu. Mzee akatoa sauti fupi mdomoni, dume akainua shingo kuangalia nani anamwita.

Alianguka pale pale, hakuchukua hata hatua moja. Tulipopima kwa miguu zilikuwa hatua 29. Uzito paundi 21, karibu kilo tisa na nusu. Mzee alikaa chini karibu yake, akamlaza manyoya vizuri kwa mkono, akaniambia, "Mwanangu, kazime kile kitaa, betri inakwenda."

Kifua tulikula siku ile ile. Mapaja ya ndege wa porini ni magumu kama kandambili, kwa hiyo nikayachemsha saa tatu na tangawizi na pilipili manga, nikapika pilau. Baba mkwe aliongeza sahani mara mbili. Shemeji ananunua kioo cha namna nyingine, kinachokaa vizuri na jicho lake, hakuna anayemuuliza bei.

Kuhusu mwakani, kwenye friji ya mama mkwe pamebandikwa tarehe ya daktari wa macho, mwezi Machi. Ufunguo wa kabati la bunduki anao yeye. Mzee anaujua mahali ulipo, ila amekubali kutojua mpaka kikaratasi kitoke.